Gari Dogo la Watu Wawili Wasiopendana

Mume wangu alipoondoka, alichukua gari, friji na televisheni. Alichoacha ni mama yake.

Mlioanza nami simulizi hii mnayajua hayo. Kwa aliyeingia leo, nitasema kwa ufupi. Mimi ni mwoka keki. Naishi katika nyumba ya mama mkwe wangu, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa askari wa gereza la wanawake. Mtaa mzima unamwita Afande. Figo zake zimechoka, na kila wiki lazima apelekwe hospitali kusafishwa damu. Mwanawe hampeleki. Mwanawe anakaa upande wa pili wa mji na mwanamke mwenye saluni. Anayempeleka ni mimi, mtu ambaye Afande hawezi kumwangalia bila kukunja uso.

Niliwaachia pale keki ya harusi ya ghorofa tatu ilipodondoka kutoka kwenye pikipiki, mbele ya ukumbi, mbele ya bibi harusi mwenyewe. Mama yake alinichapa kofi, na mkono wake ulikuwa na krimu ya keki yangu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na krimu hadi kwenye nyusi. Afande alikuwa sebuleni, miguu juu ya kigoda.

"Umeiangusha?"

"Imeanguka."

"Keki haina miguu."

Nilikwenda bafuni, nikanawa, nikalia kidogo maji yakiwa yanamwagika ili asisikie. Nilipotoka nilikuwa nimeshaamua.

"Mama," nikasema, "tununue gari."

"Tununue? Wewe na nani?"

"Mimi na wewe."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi ninunue gari na mwanamke aliyemfukuza mwanangu?"

"Mwanao alijifukuza mwenyewe, Mama. Akiwa na friji begani."

Akatazama pembe ambapo friji ilikuwa inakaa. Nikajua nimempata, nikaendelea kabla hajapata pumzi. Nikamwambia teksi ya hospitali inakula pensheni yake. Nikamwambia pikipiki zinakula keki zangu. Yeye ana kilichobaki cha kiinua mgongo chake, mimi nina akiba yangu ya kikundi cha kina mama. Kila mtu peke yake anaweza kununua milango na magurudumu. Tukichanga, tunapata gari zima.

"Gari gani?"

"Dogo. Lisilokunywa mafuta. Ambalo vipuri vyake vinapatikana duka lolote. Liwake asubuhi bila kubembelezwa."

Alinitazama muda mrefu, jicho moja limefumbwa nusu, kama anayehesabu wafungwa.

"Kadi ya gari itakuwa na majina mawili," akasema. "Langu na lako. Mimi simwamini mtu yeyote niliyewahi kumfungulia mlango."

"Hata mimi sikuamini."

"Vizuri. Angalau katika hilo tumekubaliana."

*

Siku ya kwanza tulikwenda yadi ya magari. Nilikuwa nimemkodi fundi, mwanamume wa makamo mwenye suruali ya mafuta na uso wa mtu anayejua mambo.

Dalali alitupokea getini. Meno yake yote yalikuwa nje, nikampa jina hapo hapo: Tabasamu.

"Karibuni, mama zangu! Mnatafuta kitu kidogo, kitamu, cha kiuchumi?"

"Tunatafuta gari," Afande akasema. "Kitamu tutakula nyumbani."

Akatupeleka kwenye gari jekundu. Liling'aa kama limelambwa. Nilifungua mlango wa nyuma, nikaona kiti kinalala vizuri, nikaona keki yangu ya ghorofa tatu imekaa hapo kama malkia.

"Lilikuwa la nani?" Afande akauliza.

"La daktari mmoja mwanamke, mama. Anatoka nyumbani, anakwenda kazini, anarudi. Basi."

"Na lile la kijani kule?"

"Lile pia la daktari... wa meno."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Nyie mmewamaliza madaktari wanawake wote wa nchi hii. Tukiugua tutakwenda wapi?"

Tabasamu alicheka. Afande hakucheka.

Fundi akainua boneti. Akainama, akagusa hiki, akanusa kile, akafungua kifuniko cha oili, akawasha, akainamisha sikio. Kisha akajifuta mikono.

"Gari safi. Hili halitawasumbua. Mkiliacha hapa, kesho hamlikuti."

Nilitazama dashibodi. Kilomita zilikuwa chache sana, za gari la mtu ambaye haendi popote. Halafu nikatazama chini. Mpira wa pedeli ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kinachungulia, na usukani ulikuwa umesuguliwa ukawa laini kama kijiko.

"Huyo daktari," nikasema, "miguu yake ina makucha?"

"Vipi, dada?"

"Kilomita chache hivi, pedeli imelikaje?"

"Aah, hiyo ni pedeli ya zamani tu. Wengine hukanyaga kwa nguvu." Akamgeukia fundi haraka. "Kaka, nenda kanawe kwanza. Sabuni iko pale pale."

Fundi akaondoka, akapita nyuma ya ofisi, akapotea.

Afande akanyoosha shingo. "Pale pale wapi?"

Tabasamu hakuelewa.

"Umemwambia sabuni iko pale pale. Wewe na huyu fundi mmejuana leo, mbele yangu, getini. Mlipeana mikono kama wageni. Pale pale anapajuaje?"

Kwa mara ya kwanza meno yakaingia ndani.

Fundi aliporudi, mikono ikimeta, Afande alimsimamisha kwa kidole. "Simama hapo. Anakupa ngapi kwa kila gari unalolisifu?"

"Mama, mimi..."

"Usiniangalie viatu. Niangalie usoni."

Alitazama usoni kwa muda wa kupepesa macho, kisha akakumbuka kuna mteja anamsubiri. Akaondoka hata bila pesa yake ya kukodiwa.

Tabasamu hakukata tamaa. Alituvuta hadi kwenye gari la buluu, bei ya chini kupita kiasi, vitambaa vya viti vipya, manukato ndani mpaka macho yanawasha.

Afande aliingiza kichwa, akavuta hewa, akakitoa. Akaingiza tena.

"Kuna nini chini ya hayo manukato?"

"Hewa tu, mama."

Aliinama kwa shida, mkono mmoja kwenye bega langu bila kuniomba, akainua kapeti. Chini yake kulikuwa na tope lililokauka, na vyuma vya kiti vilikuwa vimeshika kutu.

"Hili limezama," akasema.

"Hapana mama, ni mvua ya juzi, dirisha lilikuwa wazi."

"Mvua ya juzi ilinyesha kutoka chini kwenda juu?"

Tulitoka. Ungedhani baada ya ushindi ule tungetazamana kwa wema. Hatukufika hata getini.

"Umekodi mwizi," akaniambia.

"Na wewe ulikuwa unalipapasa lile jekundu kama paka."

"Nilikuwa nalikagua!"

"Ulisema rangi inakupendeza."

"Hata rangi nisipende? Umeshaninyang'anya mwana, sasa unaninyang'anya na rangi?"

Tulirudi nyumbani kila mtu upande wake wa barabara, tukipigiana kelele juu ya magari ya watu.

*

Kesho yake simu ya Afande ililia. Akatazama jina, uso wake ukalainika, akatoka nayo uani. Nilikuwa jikoni nakaanga mayai. Dirisha lilikuwa wazi. Sikusogea, wala sikuziba masikio.

"Ndiyo, mwanangu... gari, ndiyo... dogo tu... Hapana. Hajui."

Alipoingia nikamuuliza, "Sijui nini?"

"Hujui kupika mayai. Yanaungua."

"Mwanao anataka nini?"

"Ananisalimia."

"Leo ndiyo amekumbuka kwamba una masikio?"

Akaweka simu mezani kwa kishindo. "Anasema gari dogo ni aibu. Ana rafiki yake anauza kubwa, la heshima."

Nikamwambia heshima ya gari lile itamalizwa na kituo cha mafuta. Akasema mwanawe ni mwanamume, anajua magari. Nikasema lile alilolijua aliondoka nalo. Akanirushia kitambaa cha meza. Nikamwambia basi twende tukalione, tumalize.

Tukaliona. Likisimama lilikuwa linakunywa mafuta, likitembea lilikuwa linakunywa oili. Rafiki yake mume wangu alikanyaga mafuta, na moshi wa buluu ukatoka nyuma ukawafunika kuku wa jirani.

Afande alitazama moshi ule mpaka ulipoisha. "Twende," akasema, na njia nzima hakumtaja mwanawe.

Kama ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini mume wangu alijali vile tutanunua gari gani. Lakini nilikuwa na furaha ya kuona Afande amenyamaza, na furaha hupumbaza.

*

Gari letu tulilipata hospitali. Yaani habari zake.

Nilikuwa kwenye benchi nikimsubiri Afande amalize kusafishwa damu. Wauguzi wawili walikuwa wanazungumza kuhusu mkunga mmoja mstaafu. Macho yake yameingia ukungu, daktari amemkataza kuendesha, anauza gari lake dogo jeupe, gari zuri, lakini mwenyewe ni mkali na amewafukuza wanunuzi wengi. Nikawaomba namba ya nyumba.

"Mkali vipi?" Afande akauliza tulipokuwa tunarudi, sauti yake nyembamba kama ilivyo siku hizo.

"Anafukuza watu."

"Nitampenda."

Mkunga alitufungulia mlango akiwa na miwani minene kama chini ya bilauri. Gari lilikuwa pembeni ya nyumba, chini ya bati. Halikung'aa. Lilikuwa na mkwaruzo mmoja mlangoni, na ndani lilinuka sabuni ya kipande, si manukato.

"Msilisogelee kwanza," akasema, akaturudisha ndani kwenye meza yake. "Kaeni hapa. Nyie ni nani kwa nani?"

"Huyu ni mama mkwe wangu," nikasema.

"Mnapatana?"

Tukatazamana. Kila mmoja akangoja mwenzake ajibu.

"Nauliza kwa sababu gari hili nimeliendesha kwenda kwa kina mama wenye uchungu miaka yangu yote ya kazi, na halijawahi kuniachia mtu njiani," Mkunga akasema. "Siliuzi kwa wagomvi. Wagomvi hawaongezi maji kwenye rejeta. Kila mmoja anangoja mwenzake aongeze, kisha injini inaungua na kila mmoja anasema si mimi. Nimeona ndoa zikiunguza magari."

Afande akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaelewa.

"Tunapatana," nikasema.

"Sana," Afande akasema, kama anayeng'olewa jino.

Mkunga alinigeukia. Macho yake yalitazama kando ya sikio langu. "Niambie, binti. Mama mkwe wako ni mtu wa namna gani?"

Nikatafuta. Nilitafuta neno zuri katika kichwa changu kizima, kila kona, chini ya kila kitanda.

"Ni mtu wa... msimamo."

"Hmm. Na wewe, mama? Mkweo?"

Afande aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazama mikono yake, pale sindano za hospitali zinapoacha alama.

"Siku nikitoka hospitali siwezi kusimama," akasema. "Huyu hunivua viatu. Huninawisha miguu. Najua ananitukana moyoni, uso wake nausoma. Lakini maji huwa ameyapasha moto. Sijawahi kumwambia ayapashe."

Mkunga akaitikia kwa kichwa taratibu. Mimi nilitazama ukuta. Kulikuwa na kalenda ya zamani ukutani, nikaisoma yote.

"Njooni kesho asubuhi na mapema na fundi wenu," Mkunga akasema. "Gari liwashwe likiwa baridi. Ukilikuta injini imeshapata moto, jua mwenye gari anakuficha kitu."

Tulipofika barabarani nikamwambia Afande, "Asante. Ulisema vizuri."

"Nilikuwa nanunua gari," akajibu, akageuza uso.

Safari hii fundi alimleta yeye. Alikuwa mwanamke mnene mwenye ovaroli, aliyewahi kutumikia kifungo katika gereza la Afande na kujifunza ufundi alipotoka. Alipomwona Afande alisimama wima, mikono nyuma, bila kuambiwa.

"Hawezi kunidanganya," Afande aliniambia pembeni. "Alishajaribu zamani."

Injini iliwaka mara moja. Fundi alilala chini ya gari, akakagua kama kuna oili inayovuja, akapima tairi kwa kidole kuona kama zimelika upande mmoja, akaliendesha kwenye mashimo, akafunga breki ghafla akiwa ameachia usukani kuona kama litavuta pembeni. Halikuvuta.

"Shokapu za mbele zimeanza kuchoka, Afande. Mtabadilisha mwaka huu. Injini na gia, mimi mwenyewe ningenunua."

Nilipokaa kwenye kiti cha dereva, nikakivuta mbele, nikashika usukani, kitu fulani kifuani mwangu kilifunguka. Nilikuwa sijashika usukani tangu mume wangu aondoke na lile letu. Afande alikaa nyuma, amejinyoosha, kama amekodi.

"Breki zipo?" akauliza.

"Zipo, Mama."

"Basi zitumie."

Nilitabasamu. Kwenye kioo nikamwona na yeye midomo inamcheza, ila alijifanya anapiga chafya.

*

Asubuhi ya kuandikisha, tulipitia benki kwanza. Akiba yangu yote na kiinua mgongo chake chote viliingia kwenye akaunti ya Mkunga. Kisha nikawaendesha wote wawili hadi ofisi ya usajili wa magari. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Kilichobaki ilikuwa saini ya muuzaji na jina la mmiliki.

Tulikaa mbele ya karani, kijana mwenye tai iliyolegea na kompyuta inayolia kila akigusa kitufe. Nyuma yetu kulikuwa na mlango wa kioo, na nyuma ya mlango watu wengi wakisubiri.

"Majina ya wamiliki?" karani akauliza.

Nilifungua mdomo.

"Ngoja," Afande akasema. "Jina ni moja."

Akataja majina ya mwanawe. Yote matatu, polepole, kama wanavyoyataja watu wa mahakamani.

Nilidhani sikusikia. "Mama?"

"Andika, karani."

"Mama, tulikubaliana majina mawili!"

"Nusu yangu nampa nimtakaye."

"Na nusu yangu?"

"Nusu yako umeilala. Umelala nyumbani kwangu mwaka mzima bila kodi. Tumelipana."

Karani alikuwa ameinua vidole juu ya vitufe, anatutazama mmoja baada ya mwingine. Mkunga alikuwa ametulia, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza.

Mlango wa kioo ukafunguka.

Manukato yaliingia kabla yake. Mume wangu. Shati jipya, tumbo jipya, na ile sauti yake ya kuombea kura.

"Mama yangu!"

Afande alisimama, yeye ambaye kusimama kwake ni kazi. Akamgusa kola, akamnyoosha kifungo kilichokuwa kimenyooka. "Umekuja, mwanangu."

"Si uliniita?" Kisha akanigeukia. "Hujambo, mke wangu? Umenenepa."

Ndipo nilipoelewa ile simu, na lile "hajui". Afande hakuwa ananunua gari la kumpeleka hospitali. Alikuwa ananunua chambo. Mwanawe alikuwa ameahidi kurudi nyumbani kama kungekuwa na gari la kurudia.

"Na lile gari letu liko wapi?" nikamuuliza.

"Hayo ya zamani tuyaache." Akanyoosha kiganja. "Lete ufunguo. Usiwe na wasiwasi, siku nikiwa na nafasi nitakupelekea keki zako."

"Na Mama? Hospitali?"

"Hayo tutapanga."

Nilimwangalia Afande. Mkono wake uliokuwa kwenye kola ya mwanawe ulishuka.

"Tutapanga vipi?" nikasema. "Sema sasa hivi. Siku gani utampeleka?"

"Mama alikuwa anapanda teksi, hajafa," akasema huku akicheka. "Au siyo, Mama? Kwanza wiki hii nina safari. Ufunguo."

"Samahani," Mkunga akasema. Alikuwa amevua miwani, anaifuta. "Macho yangu ni mabovu lakini masikio yangu ni mazima. Sauti hiyo ni ya nani, na inaingiaje katika gari langu?"

Mkunga alikuwa bado hajasaini. Kalamu ilikuwa mbele yake.

Afande alinishika mkono juu ya kiwiko, pale wanapowashika wafungwa, akaniinamia sikioni. "Ukisema neno moja, leo utalala barabarani na sufuria zako."

Nilijua hatanii. Nyumba ni yake. Jiko ninalookea ni lake, hata tanuri nililonunua mwenyewe limefungwa kwenye umeme wake. Nikinyamaza, gari litakuwa la mume wangu, na akiba yangu ya miaka itakuwa inampeleka mwanamke wa saluni kununua rangi za kucha. Nikisema, Mkunga atarudisha pesa, gari halitakuwepo, nyumba haitakuwepo, na mwisho wa wiki nina keki ya watu mia mbili ambayo haina jiko.

Na kuna jambo jingine ambalo naona aibu kuliandika. Nilifikiri: nani atampashia maji?

"Ni mume wangu," nikasema.

Vidole vya Afande vikaingia kwenye nyama.

"Aliniacha. Alituacha wote wawili. Na mimi na huyu mama tunagombana tangu asubuhi mpaka tunapolala. Tulikudanganya, mama. Hatupatani hata kidogo."

Mume wangu alisonya. "Mwanamke huyu ana wazimu. Karani, endelea."

Karani hakuendelea. Alikuwa ameliegemea dawati lake kwa viwiko vyote viwili.

Mkunga alivaa miwani, akaichukua kalamu, akaishika tu. Alimgeukia Afande, safari hii macho yake yakampata sawasawa.

"Mama. Yale uliyoniambia kuhusu miguu na maji, yalikuwa ya uongo?"

Karani alisogeza kiti mbele.

Afande aliniachia mkono. Alimtazama mwanawe, shati lile, kiganja kile ambacho bado kilikuwa kimenyooshwa kikisubiri ufunguo. Akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa ule wa geti la gereza, ambao hujui nyuma yake kuna nini.

Akavuta kiti, akakaa.

"Nina la kusema," akasema. "Lakini kati ya hawa wawili kuna mmoja ambaye sitaki alisikie. Atoke nje."

Kidole chake kikainuka. Kikapita juu ya mume wangu, ambaye tayari alikuwa anatabasamu.

Kikasimama kwangu.

"Wewe. Nje."

Sijui miguu yangu ilinitoaje. Nilijikuta upande wa pili wa mlango wa kioo, katikati ya watu waliokuwa wanasubiri zamu zao, machozi yananitoka na sina hata kitambaa.

Kupitia kioo nilimwona Afande akizungumza. Alizungumza bila kuinua mikono. Mkunga alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kisha akainama, pua karibu na karatasi, akasaini. Karani akaanza kuandika jina. Mume wangu alikuwa anacheka, ameweka mikono mfukoni, anayumbayumba kwenye visigino kama mtu aliyekwisha kuwa na gari.

Karani akasoma alichoandika kwa sauti. Niliona midomo yake ikicheza, sikusikia neno.

Mume wangu akaacha kucheka.

Akaikamata meza kwa mikono miwili, akamwinamia mama yake, akasema kitu. Afande hakugeuka. Akasema tena, mishipa ya shingo imemtoka. Kisha akainua kichwa, akanitafuta kupitia kioo, akaniona.

Akaja mlangoni kwa kasi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na ufunguo ulikuwa bado mkononi mwangu. Nawaachia hapo.